Kilomita Tisa za Njia ya Kalengera

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa baiskeli. Nilipewa chaki, utepe wa kupimia wa fundi cherehani, na daftari jipya. Huduma yetu ilibeba dawa na ripoti kati ya Goma na vituo vya afya vya njia ya kaskazini, na ilikuwa na baiskeli sita. Kazi yangu ilikuwa kujua kila moja imetembea kilomita ngapi.

"Munyororo haijue juma wala mwezi," aliniambia msimamizi wa usafiri, mzee mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka. "Inajuaka kilomita tu, zikiisha inakatika. Ukikosa hesabu, mutu atabakia na dawa katikati ya njia."

Nyinyi vijana mna simu zinazohesabu zenyewe, kwa hiyo nieleze tulivyofanya. Zamani kulikuwa na mawe ya kilomita kando ya barabara, lakini mengi yalikwisha kung'olewa na kufanywa mafiga. Wapo waliohesabu mizunguko ya pedali, na kila ikifika mia walihamisha punje moja ya maharage kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Njia hiyo inafaa tambarare. Kwenye mteremko wa kutoka Kibumba hakuna anayekanyaga pedali, na maharage hayahami.

Sisi tulitumia kontere. Ni kisanduku kidogo cha chuma kinachofungwa karibu na ekseli ya gurudumu la mbele. Kina kigurudumu chenye meno, na kwenye spoku panafungwa kipini. Gurudumu likizunguka mara moja, kipini kinagonga jino moja, na namba zinasogea. Kontere haioni barabara. Inahesabu kugongwa tu, halafu inachukulia kwamba gurudumu ni la ukubwa ulioandikwa juu yake. Zetu ziliandikwa 28.

Kwa sababu hiyo msimamizi alinifundisha kuhakiki. Unatia alama ya chaki kwenye tairi, chini kabisa, na nyingine ardhini. Dereva anakaa juu ya tandiko, maana uzito wake unabonyeza tairi na kufupisha mzunguko. Unamsukuma mizunguko kumi, unapima. Gurudumu la 28 lilitupa mita ishirini na mbili na kidogo. Nilifanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, kwa baiskeli zote sita, na madereva walinicheka.

"Papa Kilomita," alisema Kasereka, mtu wa Butembo aliyeendesha njia ya Kalengera, "siku moja utatupima mpaka njia ya kwenda choo."

"Ya kwako nitaipima mara mbili," nilimjibu. "Unachelewaka sana kule."

Tulikula pamoja saa sita kila siku alipokuwa mjini, mimi na yeye, ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kwenda Kalengera na kurudi, siku mbili, zilikuwa kilomita mia moja ishirini na nne. Namba hiyo niliijua kama umri wangu.

Kisha volkano ikapita katikati ya mji. Ofisi yetu ilifunikwa, na msimamizi alikimbilia ng'ambo ya mpaka, hakurudi. Tulipewa chumba upande wa Katindo, na baiskeli zikalazwa kwenye ua wa jirani, kama hatua arobaini kutoka mezani kwangu. Madereva walikuwa wakisoma kontere wenyewe na kuniletea namba kwenye kipande cha karatasi. Kwa mara ya kwanza niliandika kilomita za baiskeli nisiyoiona. Uhakiki wa miezi mitatu niliuahirisha, nikijiambia kwanza tupate meza za kutosha.

Muda mfupi baadaye karatasi za Kasereka zilianza kuleta mia moja thelathini na tatu. Kilomita tisa zaidi. Safari ya pili, tisa. Ya tatu, tisa. Mimi ni mtu niliyejisomea hesabu peke yangu kwa vitabu vya kuazima, na jambo lisilo na sababu linaninyima raha. Nilichukua kalamu nyekundu, nikazungushia kila namba, na pembeni nikaandika: *Sababu haijulikani.* Niliandika hivyo mara sita. Siku zote hizo Kasereka aliendelea kukaa mbele yangu saa sita, akila.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi nao walikuwa na maadui wao milimani juu ya njia ya Rutshuru, ileile inayopita Kalengera. Kamanda wao wa usalama aliomba madaftari ya kila huduma iliyotoka nje ya mji. Mkuu wetu wa utawala aliyakabidhi bila kuyafungua. Siku mbili baadaye Kasereka alichukuliwa uani, akiwa anafunga mzigo. Mimi niliitwa kambini kwao mchana huohuo.

"Hii kitabu, nani anaandikaka?" aliuliza kamanda.

"Ni mimi, shefu."

"Unaandika muzuri." Aliweka kidole kwenye wino mwekundu. "Tisa. Gawa mara mbili, ine na nusu ya kwenda, ine na nusu ya kurudi. Kutoka Kalengera, kilomita ine na nusu inafikisha mutu wapi?"

Inafikisha mtu mlimani kwa maadui wao, na wote wawili tulijua.

"Unaona," alisema. "Weye mwenyewe uliandika sababu haijulikani. Sisi tutaijua."

Nilitoka hapo nikarudi mpaka uani, zile hatua arobaini kutoka mezani kwangu. Baiskeli ya Kasereka ilikuwa bado imeegemezwa, mzigo umefungwa nusu. Sikuhitaji chaki kuona. Gurudumu la mbele lilikuwa dogo kuliko la nyuma. Mawe ya volkano yalikuwa yamepinda rimu ya lile la zamani, na katika mji uliounguzwa maduka alipata la 26 tu. Mpira wa breki haukulifikia, ulining'inia juu ya rimu bila kugusa chochote. Kanuni yetu ilikataza kutoka na breki moja; angesema, angezuiwa, na Kalengera walikuwa wanangoja dawa. Kontere aliihamishia tu kwenye gurudumu hilo, akidhani inapima njia.

Nilipima mizunguko kumi: mita ishirini na nusu. Nikapiga hesabu ukutani kwa chaki. Mia moja ishirini na nne kwa gurudumu lile zinakuwa mia moja thelathini na tatu.

Kesho yake asubuhi niliisukuma baiskeli mpaka kambini. Mlinzi mmoja alimwambia mwenzake, "Angalia, muzee analeta zawadi." Kamanda alikubali kutoka nje. Nilimweka askari kwenye tandiko, nikatia alama, nikasukuma, nikapima mbele yake. Hakuwa mjinga. Alichukua kalamu yangu, akarudia hesabu mwenyewe, ikatoka tisa.

"Ni kweli," alisema. "Haikuwa njia. Ilikuwa gurudumu."

"Sasa mutamwachilia, shefu?"

"Walimupakia jana jioni ndani ya kamyo, na wengine. Sijue wanafikia wapi." Alinirudishia kalamu.

Mkuu wa utawala aliniagiza nisahihishe kurasa zile, zisituletee maneno. Nilizisahihisha. Uasi ule ulikwisha, ukaja mwingine, na mji ukabadilisha mabwana zaidi ya mara moja, lakini daftari liliendelea. Niliendelea kupima kila miezi mitatu, kwa macho yangu, na kalamu nyekundu sikuigusa tena. Siku ya kustaafu mkuu mpya alilisifu daftari langu mbele ya watu kwamba halina kosa hata moja.

Vijana wa pikipiki na baiskeli wananiuliza siri ya hesabu safi. Ninawaonyesha chaki na mizunguko kumi. Ninawaambia pia kwamba namba ikikataa, waende kwanza kwa mtu aliyeileta, kabla ya kuandika chochote. Wanaitikia haraka, wakitaka kurudi kwenye chaki.

Mke wa Kasereka, Mama Kavira, alikuwa anapita ofisini kila mwezi kuuliza kama kuna habari. Wiki niliyostaafu nilimweleza kila kitu, pamoja na wino. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Saa sita mulikuwa munakulaka pamoja?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku alipokuwa mjini."

Alijifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu chake. Ninakutana naye bado, njiani kutoka kanisani. Ananisalimia. Habari za mume wake hajaniuliza tena.