Doreen na Mvuke wa Baba Mkwe

Miaka sita tangu aolewe, Doreen hakuwahi kumwambia baba mkwe wake neno hata moja. Ndivyo mila ya Kinyakyusa itakavyo: mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja hujitupa kando migombani. Wengi siku hizi wameiacha. Mzee Anangisye, baba mkwe wake, wa kijiji cha Ipyana, hakuiacha. Basi Doreen, muuguzi wa zahanati, anayewasema wavuta sigara mkutanoni mpaka wanainamisha vichwa, akifika nyumbani alikuwa bubu.

Ububu huo ulimchoma. Mzee alikuwa amevuta sigara miaka thelathini na tano, na kutoka shambani kwenye mpunga hadi nyumbani ilimbidi apumzike mara tatu. Daktari wa Mbeya alimwambia wazi kwamba asipoacha, hafiki mbali.

Mzee akaenda mpakani Kasumulu, akarudi na sigara ya umeme. Muuzaji alimhakikishia kuwa huo ni mvuke tu, si moshi. Mvuke! Mzee akakumbuka nyungu za mama yake, kujifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi, akaamua kuwa kifaa kile ni dawa. Akawa anavuta sigara zake kama kawaida, kisha anavuta mvuke wa harufu ya embe ili kuosha kifua. Alikiosha asubuhi, mchana na jioni, na kikohozi hakikupungua hata kidogo.

Doreen alimwona kupitia dirisha la jikoni, akasaga meno. Akamtuma mama mkwe, Tulinagwe, amweleze: mle ndani mna betri na kiwaya kinachopata moto na kuchemsha kimiminika chenye nikotini. Tulinagwe akaenda, akarudi.

"Anasema ndaga, ahsante. Anasema hata hospitali wenye pumu wanapewa mvuke."

Alimtuma mara nne, na mara nne maneno yakafika yamekuwa uji. Alimchukia muuzaji, akaichukia mila iliyomfunga mdomo, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kukubali kufungwa.

Jumamosi moja mzee alizima sigara barazani, akachukua kifaa chake, akavuta, akakohoa mpaka akashika nguzo. Doreen alikuwa jikoni anapepeta mchele. Akautupa ungo, akatoka, akasimama mbele yake uso kwa uso. Tulinagwe akapiga yowe.

"Baba, hiyo si nyungu!" Doreen alifoka. "Haioshi kitu! Nikotini ni ileile iliyokushika. Haichomi tumbaku, ndiyo, lakini hilo litakusaidia tu ukizitupa sigara zote. Zote, baba! Kisha unapunguza nikotini kidogo kidogo, mpaka na hicho kifaa unakiacha. Wewe unavuta vyote viwili! Unakufa, na mimi nakutazama dirishani eti kwa adabu!"

Alijua ukoo ungeitisha kikao kumhukumu kwa kuvunja mila.

Mzee akageuka taratibu, akampa mgongo, akautazama ukuta kama mila itakavyo. Doreen akajua amekwisha.

"Tulinagwe," mzee akasema, bado anautazama ukuta, "mwambie muuguzi arudie pale pa kupunguza. Aseme polepole, nimsikie mwenyewe."