Hapa Hatuuzi Mikate

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kikali, mwanangu, na kama ningeweza kuisahau ningekuwa nimeisahau zamani. Lakini umekuja na habari zako za leseni ya kuuza keki na maandazi, unalalamika tangu ulipoingia mlangoni, hata chai yako imepoa hujaigusa. Basi kaa. Kunywa chai, unisikilize na mimi.

Wakati huo Mjerumani yuko bomani na reli ndiyo kwanza imefika Dodoma. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Mama alijifunza kuoka mikate kwa mwanamke mmoja wa pwani aliyekuja na mumewe kazini relini: chungu juu ya makaa, makaa mengine juu ya kifuniko, nawe ukae hapo hapo, maana ukigeuka kusengenya kidogo tu umeunguza. Wafanyakazi wa reli waliipenda mikate yake. Ndiyo iliyotulisha na kutuvika, mimi na wadogo zangu.

Kisha boma likatoa amri. Anayeuza chakula alichopika nyumbani awe na cheti, na auzie sokoni tu, mbele ya msimamizi. Akikutwa anapokea malipo mlangoni kwake, cheti kinachukuliwa. Mama alihangaika sana kukipata. Alikwenda bomani akarudishwa, akaenda tena, wakaja kumkagua jiko na vyungu, na alipokipata alikifunga kwenye pindo la kanga yake akalala nacho. Hatukumcheka. Haukupita muda jirani yetu akanyang'anywa chake, kwa sababu alibadilisha mikate kwa mayai hapo kizingitini. Tangu siku hiyo mama akaanza kuogopa hata mambo ambayo amri haikuyataja.

Mwaka ule mvua zikakataa. Ninyi watoto wa siku hizi mnadhani kuhemea ni kwenda kuomba chakula. Sivyo. Mtu aliyeishiwa nafaka alifunga safari kwa ndugu zake wenye nacho, akiwa na kitu mkononi: kuku, chumvi, hata kibuyu. Wewe unapokea chake, naye anapokea chakula chako, kisha anarudi kwake kichwa juu. Hakuna aliyepima kama kuku analingana na unga. Kile kitu kilikuwa heshima yake.

Basi siku hiyo akaja Mjomba Chilewa, kaka yake mama, ametembea kutoka Haneti. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, aliyezoea kunitania kwamba ataniozesha kwa mzee asiye na meno. Siku hiyo hakutania. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na kwapani alikuwa na kuku jike mwekundu. Nikamsalimu, "Mbukwa, mjomba," akaitikia kwa sauti ndogo. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameepua mikate, harufu imejaa ua mzima. Mjomba akauliza habari zetu, kisha akasema za kwake: watoto wanalala na maji tu tumboni, na kitindamimba, aliyekuwa ameanza kujua kutamka jina la mama yangu, hana tena nguvu ya kulia. Akamnyooshea mama kuku kwa mikono miwili.

Wakati ule ule askari wa boma akawa anapita nje ya ua. Wala hakututazama. Lakini mama alimwona. Akarudisha mikono nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani:

"Hapa hatuuzi mikate."

Mjomba akamshusha kuku wake.

"Sikujua kama nimefika dukani, mdogo wangu."

Askari alipokwisha kupita mama akazinduka. Akamsihi kaka yake akae, akajaza mikate kikapuni, akamwambia achukue yote bure na kuku arudi naye. Hapo akaharibu zaidi. Kumpa ndugu bure huku umekataa kitu chake ni kumwambia amekuwa ombaomba. Mjomba akamrudisha kuku kwapani, akatoka. Nikatumwa nimkimbilie na kikapu. Nilimfikia njiani, nikapiga magoti, naye akaniwekea mkono kichwani.

"Kirudishe, mwanangu. Mwambie mama yako sikuja kuomba."

Najua unachotaka kuuliza: kwa nini asipokee tu, na watoto wana njaa? Nami nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi. Nadhani alitumaini kumpata mwingine wa kumpokea kuku wake, na kweli alimpata, ila alichopewa kilikuwa kidogo. Kitindamimba akafa kabla ya mvua.

Habari ilipotufikia mama hakulia mbele yetu. Alijifunga kanga akaenda kwa akida, yule aliyekuwa akitutangazia amri za boma, akamuuliza jambo alilopaswa kuuliza tangu mwanzo: ndugu akija kuhemea na kuku wake, hiyo ni biashara? Akida akashangaa. Akasema amri ni ya wanunuzi, mambo ya ndugu boma halina habari nayo, na kwani nani alimwambia vingine? Mama akajibu kwamba hakuna aliyemwambia. Aliporudi nyumbani siku ile alikuwa amezeeka. Ninaumia kusema haya, maana mama yangu hakuwa mchoyo hata kidogo. Aliogopa, na akaona haya kuuliza.

Mvua ziliponyesha tukaenda Haneti, mimi na yeye, tumejitwika mikate. Mjomba alitupokea vizuri, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. Akatoka nje, akarudi na kuku, akamnyooshea mama kwa mikono miwili kama siku ile. Mama akampokea huku machozi yanamtiririka. Ndipo mjomba akaketi, akamega mkate, akawagawia watoto kwa utaratibu aliouzoea, mkubwa mpaka mdogo, hadi mkononi mwake kikabaki kipande kisicho na mtu. Akakaa nacho hivyo hivyo. Hakuna aliyethubutu kukipokea.

Mwanangu, hiyo leseni katafute. Sikuambii uidharau. Jiko lako likaguliwe, watu wasile uchafu kwa jina lako. Lakini sheria ikikutisha, nenda ukaulize inaanzia wapi na inaishia wapi, kabla hujaiongezea ya kwako kwa hofu. Wala usione haya kuuliza mara ya pili. Na ndugu yako usimgeuze mnunuzi. Akikuletea kitu, hata kama ni kidogo, hata kama unacho kingine kizuri zaidi, kipokee kwa mikono miwili, ndipo umpe chako.

Haya, inuka, giza lisikukute njiani. Mungu akufungulie riziki, mikate yako iumuke, na katika maisha yako yote usije ukabaki na kipande mkononi ukamkosa wa kumpa.