Chumba Kimoja Kinachoshikilia Ploti Nzima

Shule niliiacha darasa la sita, na sioni haya kusema. Nilikuwa msimamizi wa ploti, jengo la vyumba vya kupanga, hapa Kayole, Nairobi, miaka mingi kabla sijanunua kompyuta kuukuu na kujifundisha kuandika programu. Wenye digrii wakinicheka huwa nawauliza: nani kati yenu ameandika maktaba ya programu, msimbo ambao wengine huuchomeka kwenye programu zao, inayotumiwa na watu asiowajua?

Maktaba hiyo ni ya kupanga namba katika safu za pande nyingi, na wazo lake nililitoa kwenye ploti. Milango yetu ilihesabiwa mfululizo, moja hadi thelathini, sita kila ghorofa. Ukitaka kuigawa kwa ghorofa, sawa; ukitaka kwa mistari ya kushuka, sawa, na hakuna mpangaji anayehama. Namba zangu nazo zilikaa palepale kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kilichobadilika ni namna ya kuzihesabu. Lugha ya programu niliyotumia ilinifaa, maana kwayo kitu kikishaundwa hakiguswi tena. Ukitaka tofauti unaunda kingine. Kwa hiyo mtu akiomba kipande cha safu sikumnakilia. Nilimwonyesha mlango tu, ndani ya safu ileile. Nikaandika kwenye maelezo: "Hapa hatunakili kitu."

Mwaka huu goti limenifungia ndani, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Binti yangu, ninayemwita mama kwa kuwa amerithi jina la mama yangu, akaja na kompyuta ya kazini. Anachambua picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani. Anakata pembe ndogo ya kila picha, iliyobaki hana haja nayo.

"Baba, maktaba yako inanimaliza. Nimeweka vipande vidogo tu, na kumbukumbu imejaa."

"Umekosea mahali, mama."

"Nimekosea kukuamini. Jumatatu naonyesha wakubwa. Ikigoma, natumia ya wengine."

Nilikaa nayo siku mbili ndipo nikaona. Ploti haibomolewi kukiwa na mpangaji hata mmoja ndani. Kila pembe aliyokata ilikuwa mpangaji, na nyuma yake picha nzima haifutiki kwenye kumbukumbu. Mimi, niliyeshika funguo za ploti miaka yote hiyo!

"Si unakili tu?" akasema.

"Itakuwa polepole."

"Polepole kuliko kuganda, mzee?"

Nikinakili kila kipande, nawaharibia waliokuja kwa sababu ya kasi. Nisiponakili, nampoteza huyu mmoja. Nikaongeza njia ya pili, ya kunakili kwa anayeiomba tu: kumhamisha mpangaji na kumpa chumba chake, ploti ya zamani ibomolewe.

Jumatatu programu yake ilikubali. Alipiga simu akicheka, nami niko kitandani namjibu mtu wa nchi nyingine anayeuliza kwa nini njia ni mbili, na ipi ndiyo sahihi. Nilimwandikia kwamba zote ni sahihi. Ya kwanza si sahihi, najua, maana kipande kimoja kinashikilia picha nzima bila mtumiaji kujua. Lakini watu wameshajenga juu yake, siwezi kuing'oa, na jina lililo pale ni langu.