Nahodha Masoud na Mchujo Tulioshindwa Nizwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mpira. Mudiri, yaani mkuu, wa michezo wa mji wa Sur, Msudani mmoja mrefu mwenye sauti ya kuadhini, alinipa ndoo ya chokaa na kamba akanambia, "Ya ustadh Khamis, leo chora uwanja. Kesho tutaona kama unajua mpira." Mimi nimetoka Unguja na cheti changu cha ualimu wa mazoezi, suruali imepigwa pasi, ati nichore mistari! Nilichora. Uwanja wenyewe ulikuwa changarawe tupu, na upepo wa alasiri uliipeperusha chokaa kabla sijafika kwenye kona. Nyavu za magoli tuliwaomba wavuvi. Hivyo ndivyo nilivyoanza ukocha Oman, katika miaka ya sabini. Vijana wa leo mnaocheza kwenye majani na taa mnadhani vitu hivi vilikuwapo tangu zamani.

Yule Mudiri alinifundisha kazi. Alinifundisha kupanga ukuta, yaani wachezaji wanaosimama bega kwa bega mpira wa adhabu unapopigwa karibu na goli. Alinifundisha mtego wa kuotea, mabeki kupanda mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao na refa apulize filimbi. Zaidi ya yote alinifundisha ishara za mkono. Kocha akinyanyua mkono wa kulia, mpira uende winga. Akishika kichwa, mabeki wapande. "Sauti inasikiwa na kila mtu," alisema, "mkono unaonwa na anayeutazama tu." Nilizipenda ishara zile. Nilizihifadhi kama mtoto anavyohifadhi juzuu.

Kutoka Sur nikahamishiwa Ibra. Asubuhi nikifundisha mazoezi skuli, na baada ya sala ya alasiri nikifundisha klabu, ambayo jina lake naliacha. Mkubwa wangu pale alikuwa Rais wa klabu, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu mkarimu lakini neno lake halirudi. Siku niliyofika alinikaribisha kwa kahwa na tende, akanikabidhi filimbi, kisha akanambia, "Mwalimu, timu ni yako. Ila Masoud mwache alivyo."

Basi hapo nilikuwa bado sijamwona huyo Masoud, na nilishaanza kumchukia.

Masoud alikuwa nahodha na kiungo. Kiungo ni mchezaji wa katikati. Anapokea mpira kwa mabeki na kuugawa kwa washambuliaji, na timu nzima hwenda kwa mwendo wake. Alikuwa amecheza Unguja zamani, na umri wake hakuna aliyeujua, maana kila mwaka akiupunguza. Mbio hana, tumbo limeanza kutangulia, lakini akipewa mpira uwanja mzima unanyamaza. Mimi nikifika mazoezini, watu wananiuliza, "Masoud yuko wapi?" Watoto wanagombania viatu vyake. Bibi za watu wanampelekea halwa. Hata mke wangu, Bi Zuhura, asiyejua goli wala kona, nikirudi nyumbani huuliza kwanza, "Masoud kafanya nini leo?"

"Na miye je? Huniulizi miye nimefanya nini?"

"Weye si umepuliza filimbi, mume wangu."

Wivu uliniingia mpaka kwenye mifupa. Sisemi haya kwa kujuta. Kila alichokipata yeye nilikitolea jasho mimi, na nani asingeona wivu?

Ishara zangu za mkono alizicheka. Yeye alikuwa na mtindo wake: akiwapigia wenzake kelele kwa Kiswahili. Karibu timu yetu yote ilikuwa watu wa asili ya Oman waliorudi kutoka Unguja na Pemba, na timu nyingi tulizokutana nazo zilikuwa za wenyeji waliozaliwa huku huku, Kiswahili hawakijui hata salamu. Masoud akipiga ukelele "Nyuma yake!" mshambuliaji wetu anakimbilia nyuma ya beki, na beki amesimama tu anashangaa. "Mwache aje!" na mabeki wanapanda, mtu kaotea. Tulishinda sana kwa mtindo ule, siwezi kukataa. Lakini tulikuwa na vijana wawili wa Ibra wasiojua Kiswahili, nao wakicheza kama waliozibwa masikio. Nilimwambia Masoud kwa ajili yao, tutumie mikono. Akanishika bega mbele ya wote akasema, "Mwalimu, mikono ni ya kipa." Wakacheka wote, na wale wawili wasiofahamu nao wakacheka.

Tukafika mchujo. Mchujo ni mechi moja tu ya kuamua timu ipi ipande daraja. Ukishindwa, msimu mzima umekwenda na maji. Tulipangiwa timu ya watu wa Sur, na mechi ikapelekwa Nizwa ili pasiwe na timu ya nyumbani. Tulikwenda kwa magari ya pikapu kupitia Izki, mashabiki juu ya mizigo, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilijua mkataba wangu uko ndani ya mechi ile. Nikipandisha timu ninabaki. Nisipopandisha, Rais atatafuta mtu mwengine.

Mpaka mapumziko ilikuwa sare bila goli, lakini Masoud alikuwa hoi. Pasi zake zote zilikuwa zinanaswa, nikadhani ni miguu. Nikamfuata Rais kivulini nikamwambia nataka kumtoa.

"Umtoe nani?"

"Masoud. Kachoka."

Rais alikung'uta kikombe chake cha kahwa, akanitazama. "Ukimtoa Masoud, mtatoka pamoja. Taib, sawa?"

Nikarudi kwenye benchi. Nina mke na watoto.

Kipindi cha pili kikawa kinakaribia kwisha. Masoud alikuwa na mpira karibu na goli letu, amebanwa, akataka kumrudishia kipa. Akafanya kama alivyozoea miaka yote. Akapiga ukelele, "Nakurudishia!" ndipo akaupiga. Wallahi, mshambuliaji mmoja wa Sur, mrefu, mgeni kwenye timu yao, aliondoka kabla mpira haujatoka mguuni mwa Masoud. Akaukuta njiani, akamzunguka kipa, akafunga. Kisha akarudi taratibu, akapita mbele ya nahodha wetu na kumwambia kwa Kiswahili safi cha bara, "Asante sana, kaka."

Kumbe alizaliwa Tabora. Mechi nzima amefunga mdomo anatusikiliza. Timu yetu iliyojaa Waswahili, hatukuwaza hata siku moja kwamba Waswahili wamerudi Sur pia!

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala mkahawa wa Mhindi mmoja wa Malabar sokoni Ibra haukuwa na pa kukaa. Nilikaa nyuma, nimejifunika kilemba, nikawasikiliza mashabiki wakigombana.

"Mzee amekwisha, tuseme kweli. Mtu anatangaza pasi kama dalali?"

"Hebu acha, yakhe! Misimu yote katubeba nani? Ni huyo huyo."

"Katubeba, kisha katubwaga."

"Kosa la kocha. Kwa nini hakumtoa?"

"Kocha gani? Yule mpuliza filimbi? Angethubutu wapi!"

Hapo ndipo moyo uliponiungua. Hata lawama, wengine walikuwa wananinyima. Waliniona sina ukubwa wa kubeba kosa lile. Nikaondoka bila kumaliza chai. Nilijiambia, usiku kwenye sabla nitasema yote.

Sabla ni baraza ya wanaume wa mtaa, na ina adabu yake. Watu wakitoka safari, huingia, husalimia, hukaa, kahwa ikazunguka. Kisha mwenye baraza humgeukia mkubwa wa waliofika na kumuuliza, "Shay ulum?" yaani kuna habari gani. Hata kama habari zimeshaenea mji mzima, hakuna anayezizungumza mpaka aulizwe mkubwa wao naye ajibu. Baada ya isha tuliingia timu nzima. Nilikaa karibu na Rais, ambaye baraza ni yake, mahali pa kocha. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga: ishara za mkono, vijana wawili wa Ibra, mapumziko, yote. Kahwa ikazunguka. Rais akaweka kikombe chini, akainua uso, na macho yake yakanipita mimi yakaenda mbali kabisa, kwenye mlango.

"Shay ulum, ya Masoud?"

Mkubwa wa waliofika ni yeye!

Masoud akajibu kwanza kama ada, "Ma shay, kher." Hakuna ila kheri. Kisha akaendelea, sauti ya chini. "Tumeshindwa, na kosa ni langu. Msiseme kipa, msiseme mabeki. Mwalimu Khamis alinambia zamani tutumie mikono, nikamfanyia mzaha. Na jana nilimsikia akitaka kunitoa, nami naapa nilikuwa nimechoka, nilikuwa naomba anitoe. Asilaumiwe mtu mwengine."

Wazee walikuwa wanafuta machozi kwa ncha za vilemba. Yule aliyesema mkahawani kwamba mzee amekwisha, ndiye aliyeinuka wa mwanzo kumbusu paji la uso. Kanitetea, ndiyo. Kayasema maneno yangu yote, moja baada ya jengine, na kwa ufasaha kuliko nilivyoyapanga. Nikabaki na kikombe mkononi.

Rais alikohoa. "Mtu anayeweza kuliona kosa lake hivi," alisema, "huyo ndiye anayefaa kufundisha vijana. Masoud, kuanzia msimu ujao timu unaifundisha wewe." Kisha akanikumbuka. "Na Mwalimu Khamis tunamshukuru. Nimesikia Nizwa wanahitaji mwalimu."

Msimu uliofuata Masoud alipanda daraja, na wachezaji wangu, na ishara zangu za mkono.

Mimi nilikwenda Nizwa, baadaye Samail, nikafundisha mpaka nilipostaafu. Vijana wengi wamepita mikononi mwangu, na baadhi yao walifika mbali. Kwa mnaoanza kazi hii nawaambia: jifunzeni mbinu, lakini jueni kwamba watu hawapendi mbinu, wanampenda mtu. Miye sikujaaliwa kuwa mtu huyo.

Masoud yu hai, na afya yake ni njema kuliko yangu. Kila Idi huja kwangu kutoka Ibra na gari imejaa watu. Ananiinamia, ananibusu kichwa, anasema mbele ya wote, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Bi Zuhura anatoa halwa ile nzuri. Nami nawasikia wageni wakinong'onezana wanapovaa makubadhi yao mlangoni, na hakuna anayesema Mwalimu Khamis anaheshimiwa. Wanasema, "Mashallah, Masoud ana heshima!"