Pingamizi Langu Dhidi ya Ghorofa ya Ayany

Mimi ni fundi wa nguo huku kwenye mtaa wa mabanda wa Soweto West, na wiki jana nilijiaibisha mbele ya watu wa kaunti. Niliona bango kwenye ploti karibu na mtaa wa Ayany: kuna ombi la kujenga ghorofa nne, mwenye pingamizi aje kikaoni. Sikulisoma hadi mwisho. Niliacha cherehani, nikawaambia majirani kuna tajiri anataka kutuzibia jua.

Kikaoni nilisimama wa kwanza. Nikasema mwombaji ni mtu mchoyo ambaye hajawahi kupanga foleni ya choo maishani mwake. Majirani wakanipigia makofi, nikanogewa, nikaendelea.

Afisa wa mipango, mama mpole mwenye miwani, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akafungua faili.

"Waombaji ni wapangaji kumi na wawili wa Soweto West," akasema. "Wanataka kujijengea nyumba zao. Wewe unaitwa nani, mzee?"

Nikamtajia jina.

Akanigeuzia faili. "Sasa hii sahihi ya tatu si yako?"

Ilikuwa yangu.

"Nilimwambia asome kabla ya kutia sahihi," mke wangu akawaeleza watu kutoka kiti cha nyuma. "Akasema mpira umeanza."