Mchimbaji wa Chumba cha Nyuma

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na mkono mwepesi na mdomo usio na kifuniko. Ukikaa kitini pake unanyolewa upande mmoja, kisha anazima mashine akuhutubie. Pesa za karatasi zimeshakufa, zinangoja kuzikwa tu. Sarafu za mtandao zilianza na wapenda kompyuta wachache, watu wakawacheka. Leo matajiri wanazigombania, na kesho hakutakuwa na benki. Tukambandika jina: Bwana Kesho.

"Sasa hiyo sarafu mwenyewe nani?" fundi viatu alimuuliza, kichwa nusu kipara, nusu kichaka.

"Haina mwenyewe."

"Kitu hakina mwenyewe, na bado hujakiokota?"

"Haiokotwi, inachimbwa!" alijibu kwa hasira, na fundi viatu akaondoka na jeraha dogo juu ya sikio.

Utani ule ulimwingia. Akauza kiti cha pili na kioo kikubwa, akaleta mashine nne kuukuu, akazipanga chumba cha nyuma. Kazi yao ilikuwa kushindana na mashine za dunia nzima kukisia namba. Anayewahi huzawadiwa sarafu. Zilinguruma kama mzinga uliochokozwa na kutoa joto la tanuri. Kunguru naye alitaka kushindana na ndege ya abiria.

Mkewe alikuwa dobi. "Baba watoto, umechimba nini?"

"Vumbi la sarafu. Subira, mke wangu."

"Vumbi ninalo tele, nalifagia kila asubuhi."

Umeme ulikula vumbi lile lote na kudai nyongeza. Kinyozi akakonda, akaanza kunyoa kimya, jambo lililotutisha kuliko hotuba zake.

Masika yakaingia. Nguo za watu zikagoma kukauka, zikaanza kunuka uvundo. Mama dobi akaingia chumba cha nyuma, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akaanika mashuka juu ya mustakabali wa fedha duniani. Kufika adhuhuri yalikuwa makavu kau.

"Unaniulia mitambo!" mumewe alifoka.

"Mitambo yako leo ndiyo imeanza kazi."

Habari zikaenea. Nguo zikaja kwa mafurushi, na kwa mara ya kwanza umeme ukalipwa bila ugomvi. Mama dobi akashika swichi: nguo zipo, mashine zinawaka, jua likitoka, zinazimwa. Bei ya sarafu ilipopaa hadi redio ikapiga kelele, ilikuwa siku ya jua kali. Kinyozi alisimama mlangoni akilitazama lile jua kwa chuki ambayo sijaona mtu akiwa nayo hata kwa mkwewe.

Juzi kijana mmoja nadhifu, na kompyuta yake begani, alikuja akiuliza, "Samahani mama, hapa ndipo kwa yule mtaalamu wa blokcheni, mchimba sarafu za mtandao?"

"Ndipo," mama dobi akajibu bila kugeuka. "Pita ndani. Utamkuta anapiga pasi."