Vitabu vya Akili na Mume Aliyenyamaza

Mteja mmoja wa saluni, mwanafunzi anayepanga kule Berea, aliniambia kuna vitabu vinavyoeleza akili ya binadamu inavyofanya kazi. Akanitumia orodha kwenye simu, vitabu tisa. Nilikuwa namsuka huku miguu inaniuma, nikaitikia tu. Lakini jioni ile nilimtazama mume wangu, Mkongo aliyenioa hapa hapa Durban, nikaona heri nisome. Miezi minne alikuwa hasemi. Salamu anaitikia, kodi ya chumba chetu cha Albert Park analipa, basi. Tena binamu yake alikuwa amemtafutia kazi Johannesburg, na mwisho wa mwezi alitakiwa kujibu. Niliogopa atakubali.

Nilianza na kitabu kilichosema mambo yote yanatoka utotoni. Hoi kama nilivyokuwa, nikamkalisha kwenye kochi na kumuuliza kama mama yake alikuwa anamchapa. Aliniangalia kama vile mimi ndiye mgonjwa. Cha pili kilifundisha kumwiga mwenzako anavyokaa, eti ndipo atakapofunguka. Akishika shavu, nami nashika shavu. Akikunja miguu, nami nakunja. Siku ya tatu akasema, "Eish, mama, uko unanicheka?" Kitabu nikakisukumia chini ya kitanda.

Cha tatu nilikipenda, kwa sababu hakikunitaka niongee, na mimi baada ya kutwa nzima ya umbea wa saluni sina hamu ya kuongea. Kilisema tabia ya mtu haieleweki mpaka uiandike, siku hadi siku, bila kuhukumu. Nikanunua daftari. Kila akirudi kutoka Mobeni, anakobeba mizigo ghalani, naandika. Jumatatu, amekula wali nusu, hakusema. Jumanne, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, amemaliza, ametazama dirishani. Nilijiona daktari. Kurasa zilijaa na sikumwelewa hata chembe.

Jumamosi moja nilirudi mchana nikamkuta mezani, daftari liko wazi mbele yake. Sikuwa na nguvu hata ya kudanganya. Nikamwambia nilitaka kumwelewa. Alifunua kurasa taratibu mpaka mwisho, halafu akasema, bila hasira:

"Mama, uliandika byote nilikula. Haukuandika kama nakulaka peke yangu."

Kwetu Tanga, mume akichelewa kazini chakula chake kinatengwa na kufunikwa vizuri, na mke mwenye adabu hamkodolei macho anapokula. Nilifanya hivyo tangu tuoane, na nilijivunia. Mimi nilikuwa nimeshakula, niko kitandani nimenyoosha mgongo, nikimtupia jicho la pembeni tu. Kwao, akanieleza, bugali inawekwa katikati na mikono yote inaingia. Sahani ya peke yako hutengewa mgonjwa, au mtu aliyekosana na watu wa nyumba. Miaka miwili alikula akijiuliza amenikosea nini, mwishowe akachoka kujiuliza.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Chakula ilikuwa muzuri."

Ningemwomba asiende. Maneno nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nimesimama tangu saa moja asubuhi, vidole vimevimba, na yeye alikuwa ameshampa binamu yake jibu la ndiyo. Wiki mbili zilizobaki tulikula pamoja, sahani moja, tukiwa na aibu kama wachumba walioletwa na washenga. Alinisogezea vipande vya nyama upande wangu. Kisha akaenda.

Hunipigia simu Jumapili. Juzi nilimuuliza kama amekula, akasema ndiyo wanakula, akacheka, cheko nililokuwa nimelisahau. Nyuma yake nilisikia wanaume anaoishi nao wakigombania kichwa cha samaki. "Tuko batano, mama," akasema. "Sahani moya." Alikuwa na furaha, na hakuna kitabu kilichohitajika kunionyesha. Nilifurahi kwa ajili yake, wallahi nilifurahi. Nikamwambia akale, watammalizia. Akakata simu mbio, na mimi nikalia.